Olorgesailie, Jabali la Mafundi wa Mawe

Msafiri ashukaye barabara ya Magadi kutoka Kiserian, akishauacha nyuma upepo wa Kona Baridi kwenye bega la vilima vya Ngong, aghalabu huwa na moja kati ya mambo mawili moyoni: ama anakwenda kuliona ziwa la Magadi, ama anakwenda kutazama mashoka ya mawe ya watu wa kale pale Olorgesailie. Huyu wa pili hufika, akalipa ada yake, akapitishwa kwenye daraja la mbao, akainama kuyaangalia mawe yaliyotapakaa chini kwa mamia, akastaajabu, akanywa soda, akarejea zake Nairobi. Ni wachache wanaoinua shingo na kutazama upande wa kusini, na ni wachache zaidi wanaouliza: je, mawe haya yote yalitoka wapi?

Jawabu la swali hilo limesimama hapo hapo, kubwa, wala halifichiki. Ni mlima wa Olorgesailie wenyewe. Nami leo nataka, msomaji mpenzi, tuuache kidogo ule uwanja wa mashoka ulio maarufu, tuupande mlima ulioyazaa.

Olorgesailie upo upande wa magharibi wa Kajiado, takriban kilomita 65 kutoka Nairobi, ndani ya lile Bonde Kuu la Ufa. Kilele chake kina kimo cha mita 1,760 hivi kutoka usawa wa bahari. Kwa watu waliozoea kuusikia Mlima Kenya na Kilimanjaro hicho si kimo cha kujivunia, na ndiyo maana wengi huudharau. Lakini bonde lililo chini yake ni la mita 1,000 hivi tu, kwa hiyo mwenye kuupanda ana mita mia saba na zaidi za kupanda kwa miguu yake, juani, juu ya mawe. Ulikuwa mlima wa moto zamani, zaidi ya miaka milioni 2 iliyopita. Moto ukazimika, ukabaki mwamba. Sisi watu wa pwani tuna neno letu la kitu kama hicho. Hatusemi mlima tu; twasema jabali. Mlima waweza kuwa wa udongo na majani, mtu akalima juu yake mihogo na mahindi. Jabali ni jiwe tupu, na anayelipanda hana budi kujua kwamba anatembea juu ya jiwe.

Habari za mahali hapa zilianza kujulikana na wataalamu mwaka 1919, alipopita J. W. Gregory, yule mwanajiolojia aliyelipa Bonde la Ufa jina lake la kitaalamu, akaona zana za mawe juu ya ardhi. Kisha kukawa kimya cha zaidi ya miaka ishirini. Mwaka 1942 walifika Louis Leakey na mkewe Mary, wakayakuta mashoka ya mkono yamelala kwa wingi kama kwamba wenyewe wameondoka jana. Vita vya Pili vya Dunia vilikuwa vikiendelea, na miongoni mwa waliochimba hapo katika miaka hiyo walikuwa wafungwa wa vita Waitaliano. Mwaka 1947 mahali hapo pakawekwa chini ya hifadhi. Katika miaka ya 1960 akaja Glynn Isaac, aliyeandika kitabu kizima juu ya Olorgesailie kilichotoka mwaka 1977, na tangu mwaka 1985 kazi imeendeshwa na Rick Potts wa taasisi ya Smithsonian ya Marekani pamoja na Makumbusho ya Taifa ya Kenya. Mwaka 2003, baada ya zaidi ya miaka sitini ya kufukua mawe na mifupa ya wanyama, ndipo ulipopatikana mfupa wa binadamu wa kale: vipande vya fuvu dogo la mtu mzima aliyeishi kati ya miaka 900,000 na 970,000 iliyopita.

Hebu tuifikirie hesabu hiyo. Sisi tukitaja kisa cha miaka mia nne huona tumetaja mambo ya kale. Ngome ya Yesu ya Mombasa ilianza kujengwa mwaka 1593, nasi huipita kwa heshima ya mzee mwenye ndevu. Mashoka ya mkono yalianza kutengenezwa hapa miaka milioni 1.2 iliyopita, yakaendelea kutengenezwa kwa muda wa miaka laki saba, kwa umbo lile lile takriban: mfano wa tone la maji, ncha upande mmoja, mviringo upande wa pili, makali pembeni. Fundi akimfundisha mwana, mwana akimfundisha mjukuu, hata vizazi visihesabike.

Na wapi walilipata jiwe? Wataalamu wamelichunguza, wakaona kwamba karibu mawe yote ya mafundi wale wa mashoka yalitoka katika umbali usiozidi kilomita 5. Yaani yalitoka kwenye miamba ya mlima huu na migongo ya mawe iliyoshuka kutoka kwake. Jabali ndilo lililokuwa ghala. Mtu alitoka ziwani, akaenda kwenye mwamba, akapasua jiwe jema, akalichonga, akashuka nalo kwenda kumchuna kiboko au tembo. Kwa hiyo yeyote aendaye leo kuupanda Olorgesailie kwa matembezi ya siku moja asidhani kwamba yeye ndiye mgeni wa kwanza. Anafuata njia ya kwenda kazini.

Nimesema ziwani, nawe msomaji waweza kuniuliza ziwa liko wapi, maana nchi ile ni kavu kama ukuni. Ziwa lilikuwapo. Lilijaa, likapwa, likajaa tena, mara nyingi, katika mamia ya maelfu ya miaka. Ukitoka kwenye banda za makumbusho kuelekea mlimani unakanyaga tope lake lililokauka: tabaka juu ya tabaka, na baadhi yake ni nyeupe mfano wa chokaa ya kuta za Lamu. Weupe huo si chokaa. Ni maganda ya viumbe vidogo mno vya majini, visivyoonekana kwa jicho tupu, vilivyokufa na kutua chini ya ziwa kwa mabilioni. Mtoto wa pwani akiyaona matabaka yale huelewa mara moja, kwa kuwa anajua ufuo ulivyo maji yakishapwa.

Tulianza safari yetu saa kumi na moja na nusu alfajiri, nyota zingali juu. Tulikuwa wanne: mimi, mwalimu mmoja wa Kitengela na mpwa wake, na kiongozi wetu, Mmasai wa pale pale, mtu wa makamo ya miaka thelathini na ushei, amevaa shuka na viatu vya akala, na mkononi rungu. Tulisalimiana kwa "supa" yao na "hujambo" yetu. Kabla hatujapiga hatua alitutaka kila mmoja aonyeshe maji aliyobeba. Mwalimu alikuwa na lita moja na nusu, mpwa wake mbili, mimi nne. Kiongozi aliitazama chupa ya mwalimu, akanyamaza kidogo, kisha akasema kwa adabu: "Mwalimu, mlima hauna kisima." Mwalimu akacheka, akajibu kwamba yeye si mtu wa kunywa sana, ndugu yangu, twende.

Saa ya kwanza haina taabu. Ni tambarare ya miiba, na kikwata hushika nguo ya mtu kama mdai aliyemwona mdeni wake sokoni. Kuna migunga, kuna mishubiri, na kuna miti mifupi ya jamii ya manemane ambayo ukikwaruza gome lake hutoa harufu ya kumkumbusha mtu chetezo. Kiongozi alikuwa akitazama chini muda wote. Asubuhi, alisema, moma hulala njiani kuota jua, naye si nyoka wa kukimbia akisikia mtu.

Kulipopambazuka tulikuwa tumefika mguuni mwa mlima. Hapo ndipo njia inapogeuka kuwa mgongo wa mawe, na neno mgongo hapa ni la haki kabisa, kwani ni kama kumpanda mnyama mkubwa aliyelala, ukaanzia mkiani, ukafuata uti wake, pingili baada ya pingili. Kila pingili ukiitazama kutoka chini wadhani ndiyo kilele. Ukifika juu yake unaona nyingine mbele, ndefu zaidi. Mawe mengine ni makubwa na imara, mtu hupanda kama ngazi za nyumba ya ghorofa. Mengine ni madogo, yamelala juu ya changarawe, nayo ukiyakanyaga huteleza. Kiongozi alitufundisha kanuni moja tu: usiushike mti bila kuutazama, wala usitie mkono katika ufa wa jiwe usiouona ndani. Kuume na kushoto kulikuwa na mteremko. Pimbi walituchungulia kutoka mapangoni mwao, na mara moja tuliona mbuzi mawe wawili, wamesimama juu ya ncha za kwato zao kwenye jiwe ambalo mtu asingethubutu kusimama, wakatutazama, wakapotea.

Jua lilitoka mkono wetu wa kushoto. Kwa muda wa saa moja lilikuwa rafiki. Kisha halikuwa rafiki tena. Mimi nimezaliwa kwenye joto, na joto la Mombasa nalijua. Lakini lile ni joto la maji, lenye pepo za bahari ndani yake. Joto la Olorgesailie ni kavu. Mwamba hulipokea jua kutoka juu na kukurudishia kutoka chini, ukawa wewe uko katikati kama mkate wa mofa. Jasho hukauka kabla ya kuliona, na kwa sababu hiyo mtu hajui ni maji kiasi gani yamemtoka.

Ilipotimu saa tatu u nusu tulikuwa juu ya pingili ya tatu au ya nne ya mgongo ule, na kilele chenyewe sasa kilikuwa kinaonekana wazi, si cha kudanganya. Mwalimu aliketi juu ya jiwe. Alisema anapumzika tu. Lakini maneno yake yalikuwa yamepungua tangu nusu saa iliyopita, na alipotakiwa atoe chupa yake, ilikuwa tupu. Mpwa wake alikuwa amekwisha kumgawia mara mbili pasi na sisi kujua.

Kiongozi hakumlaumu mtu. Alitutafutia kivuli cha mwamba, akatuketisha, akaziweka chupa zote mbele yake juu ya jiwe moja, za kwetu na ya kwake. Nilimtazama nikamkumbuka nahodha, kwani ndivyo nahodha alivyokuwa akifanya upepo ulipokufa baharini: mapipa ya maji huwa si ya mtu tena, ni ya chombo. Akapima kwa macho. Zilibaki lita nne pungufu kwa watu wanne. Akatueleza hesabu yake kwa upole. Kilele ni saa moja ya kupanda. Kurudi kutoka hapa tulipo ni saa tatu kwa mtu mwenye nguvu, nne kwa mwalimu, na saa nne hizo zote ni za jua la utosini. "Mzee," akaniambia mimi, kwa kuwa ndiye niliyekuwa mkubwa wao kwa umri, "maji haya yanatosha kushuka. Hayatoshi kupanda na kushuka. Nyinyi semeni."

Mwalimu alisema tumwache pale kivulini, sisi watatu tuendelee, tumchukue wakati wa kurudi. Lilikuwa neno la kiungwana, kwa maana hakutaka kutuharibia safari. Kiongozi akatikisa kichwa. Alisema ng'ombe mgonjwa haachwi nyuma, sembuse mtu. Basi nikasema: tunashuka. Mpwa alikitazama kilele kwa muda mrefu, kijana wa watu, kisha akainua mkoba wa mjomba wake akautia begani mwake mwenyewe.

Kabla ya kushuka tulikaa robo saa, tukanywa kwa zamu, nami nikapata nafasi ya kutazama. Kaskazini, chini yetu, yale matabaka meupe ya ziwa la kale yalikuwa yameenea, na mapaa ya makumbusho yalionekana madogo mithili ya viberiti. Kaskazini mashariki kulikuwa na vilima vya Ngong, na kaskazini magharibi Suswa, mlima mwingine wa moto. Upande wa pili wa mgongo, kusini, ulitanda uwanda wa Koora. Nilikuwa na karatasi mfukoni, nikaandika ubeti mmoja nikampa mwalimu ausome, walau acheke:

Mlima hauna hila, hauchoki hauhoji,
Apandaye bila kula, tena hakubeba maji,
Jua halina muhula, halichagui mtaji,
Panda jua likilala, ushuke hujahitaji.

Alicheka, akaiomba karatasi. Tulifika chini saa nane kasorobo, kwa mwendo wa kobe, kila mtu na miguu yake. Mwalimu alikunywa maji ya makumbusho, akalala kivulini, akaamka mzima. Alhamdulillahi.

Sasa huenda msomaji akasema: basi hamkufika. Kweli, kilele hatukukifika. Lakini njiani wakati wa kushuka kiongozi alitusimamisha kwenye ubavu wa mwamba uliopasuka, rangi ya kijivu iliyokolea, mgumu, ukiugonga unalia kama chuma. Akatuambia kwamba jiwe la mashoka ni la namna hii. Nikaukalia mwamba ule nikawaza. Wale mafundi wa miaka laki saba hawakuwa na haja ya kilele. Walipanda mpaka penye jiwe jema, wakatwaa walichokitaka, wakarudi ziwani kwa wenzao kabla ya jua kali. Hamu ya kusimama mahali pa juu kabisa, ili mtu aweze kusema nimesimama, ni hamu ya juzi tu. Nayo si mbaya, ilimradi isigharimu mtu.

Na kuna jambo jingine ambalo mlima huu unalijua juu ya maji. Mwaka 2012 wataalamu walitoboa ardhi katika uwanda ule wa Koora, wakatoa nguzo ya udongo na mchanga ya urefu wa mita 139, yenye kumbukumbu za takriban miaka milioni 1. Waliisoma kama mtu asomavyo daftari, na matokeo yakatangazwa mwaka 2020. Yaonyesha kwamba kwa muda mrefu mno nchi hii ilikuwa na maji ya kutegemewa, kisha kuanzia miaka 400,000 hivi iliyopita mambo yakavurugika: ardhi ikapasuka na kuporomoka, maji yakawa ya kuja na kuondoka, wanyama wakubwa wa majani wengi wakatoweka. Na mashoka makubwa nayo yakatoweka. Ilipofika miaka 320,000 iliyopita, watu wa hapa walikuwa wakitengeneza zana ndogo, nyepesi, za ustadi zaidi, nao walikuwa wakitumia jiwe jeusi linalong'aa kama kioo, ambalo halipatikani hapa Olorgesailie. Lilitoka umbali wa kilomita 25, 50, hata zaidi ya 90. Walikuwa pia na mawe ya rangi, mekundu na meusi.

Wataalamu, katika maandiko yao ya mwaka 2018, wanaona humo dalili ya watu kujuana na watu wa mbali na kubadilishana vitu. Yaani maji yalipokuwa si ya kuaminika, mtu hakuweza tena kuishi na mlima wake peke yake, alihitaji jirani. Nililisoma jambo hilo kabla ya safari nikaliona zuri. Nililielewa vizuri zaidi pale chupa zilipowekwa juu ya jiwe moja.

Sisi wa pwani, kwa bahati, tuna uzi unaotufunga na nchi hiyo. Neno magadi ni letu. Bibi zetu walitia magadi katika maharage ili yaive upesi, na wazee wakayachanganya na tumbaku. Neno hilo likapanda bara na misafara, likalikalia ziwa la chumvi lililo kusini mwa Olorgesailie, na katika karne ya ishirini ikajengwa reli ya kutoka ziwani, ikapita Kajiado mjini hadi Konza, ili magadi hayo yashuke tena Mombasa na kupakiwa melini. Kwa hiyo Mswahili akienda huko hana haja ya kujiona mgeni kabisa.

Kwa atakayependa kwenda, nina machache ya kumwambia. Aanzie makumbusho, aulize, achukue kiongozi wa pale na kumlipa haki yake, kwa kuwa elimu ya njia na ya nyoka na ya saa ni elimu kama nyingine. Abebe maji lita 4 kwa uchache, si kwa sababu anayapenda bali kwa sababu mwenzake huenda hakubeba. Avae kofia na viatu vya kushika jiwe. Aondoke kabla ya jua, na ikifika saa nne hajafika juu, ageuke. Na akiona jiwe lenye umbo la tone la maji, aliangalie, ainame karibu nalo akitaka, kisha aliache pale pale lilipo. Sheria ya Kenya ya mwaka 2006 juu ya makumbusho na urithi inamkataza kulichukua. Tena jiwe la namna hiyo likiondolewa mahali pake huwa bubu. Haliwezi tena kumwambia mtu ni nani aliyekaa karibu nalo, wala alikula nini, wala ziwa lilikuwa umbali gani siku ile.

Yule mpwa wa mwalimu ameniletea salamu kutoka Kitengela. Anasema msimu wa baridi ukifika watapanda tena, yeye na mjomba wake, na kwamba mjomba amekwisha kununua madumu mawili.